Ukiondoka, Unamwacha Nani?

Tarehe 16 Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Anglikana la Uganda waliitwa Kampala, kwenye hoteli ya Nile Mansions, wakakuta silaha zimepangwa hadharani mbele ya umati wa askari, na hati ikasomwa iliyodai kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa akila njama na Milton Obote, wakati huo akiishi uhamishoni Dar es Salaam, ili kumpindua Idi Amin. Baada ya kusomwa hati hiyo maaskofu wenzake waliamriwa waende zao, naye akabakizwa. Hawakumwona tena akiwa hai. Serikali ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari, taarifa ambayo ni wachache sana walioiamini, ndani ya Uganda au nje yake. Siku chache baadaye Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, mtu wa uamsho uleule uliomlea Luwum, alipanda milima usiku pamoja na mkewe Mera, akavuka mpaka kwa miguu na kuingia Rwanda.

Mmoja alibaki akafa, mwingine akaondoka akaishi, na Kanisa linawaheshimu wote wawili bila kuona aibu. Luwum ana sanamu yake tangu 1998 katika ukuta wa mbele wa Westminster Abbey, London, pamoja na wafiadini wengine wa karne ya 20, na tarehe ya kifo chake ni sikukuu ya kitaifa nchini Uganda tangu 2015. Kivengere alirudi nyumbani mwaka 1979, baada ya Amin kung'olewa, akapokewa na waumini wake kama mchungaji wao na si kama mtoro. Nadhani mahubiri mengi tunayoyasikia kuhusu uvumilivu hayawezi kueleza jambo hili, kwa sababu yanapima uvumilivu kwa kuangalia nani amebaki mahali pake na nani hayupo.

Hubiri lenyewe tunalifahamu. Huanzia katika Warumi sura ya 5, kisha huteremka taratibu hadi kwenye methali ya mvumilivu hula mbivu, kana kwamba mtume na wahenga walikuwa wakisema neno moja. Hawakusema neno moja. Methali inaahidi tunda mwishoni mwa kungoja, lakini Paulo anasema dhiki huleta saburi, na saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti wa moyo huleta tumaini, na katika mnyororo huo wote hamna ahadi ya kwamba mwenye dhiki atapandishwa cheo, atapata nyumba au atamwona adui yake akianguka. Luwum hakula mbivu. Kwa kipimo cha methali alivumilia bure, na mhubiri anayechanganya mambo haya mawili anawaandaa waumini wake kuacha imani siku watakapoona kwamba miaka inapita na tunda halionekani. Isitoshe, wahenga hawa hawa ndio waliosema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, ila hiyo sijapata kuisikia madhabahuni.

Maandiko nayo hayamsaidii anayetaka jibu la haraka. Katika Injili ya Yohana, Yesu anamsema mtu wa mshahara ambaye humwona mbwa-mwitu anakuja, akawaacha kondoo na kukimbia. Katika Injili ya Mathayo, Yesu huyo huyo anawaagiza wanafunzi kwamba wakifukuzwa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Yusufu aliamka usiku akamchukua mtoto na mama yake kwenda Misri. Paulo aliteremshwa katika kapu ukutani huko Dameski, na baadaye, alipokuwa njiani kwenda Yerusalemu na ndugu wakimlilia asiende, alikataa kugeuza njia. Tukisema kwamba kuondoka ni ukosefu wa imani, tutakuwa tumemhukumu Yusufu na Paulo pia. Na tukisema kwamba uhai ni wa kwanza daima, hatutakuwa na la kusema kuhusu Gethsemane, ambako wote walikimbia isipokuwa mmoja.

Mjadala huu ni wa zamani, na tena ulijadiliwa kwa kina kuliko kwingineko hapa barani Afrika. Mwanzoni mwa karne ya 3 Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago, mji ambao magofu yake yako Tunisia ya leo, alishikilia kwamba Mkristo hana ruhusa kabisa ya kukimbia mateso, kwa kuwa mateso huruhusiwa na Mungu, na anayeyakimbia anamkimbia Mungu mwenyewe. Ni hoja inayovutia, hasa kwa mtu ambaye bado hajagongewa mlango usiku.

Miaka takriban 40 baadaye, mwaka 250, Kaisari Decius aliamuru watu wote wa dola yake watoe sadaka kwa miungu na wapewe hati ya kuthibitisha kwamba wametoa. Askofu wa Karthago wakati huo alikuwa Cyprian, mtu msomi na mwenye mali, ambaye hakuwa na muda mrefu katika kiti hicho. Umati ulikwisha kupiga kelele ukitaka atupwe kwa simba. Cyprian alijificha. Makasisi wa Roma, ambao askofu wao Fabian alikuwa ameuawa, waliandika barua yenye fumbo chungu juu ya wachungaji wa mshahara, na mtu yeyote aliyejua kusoma alielewa nani anayesemwa. Cyprian alijibu bila kujitetea kwa maneno makali: kuwapo kwake mjini, alisema, kungezidi kuchochea fujo na kuwaponza wengine, na ingawa mwili wake haukuwapo, kazi yake haikusimama. Aliwatumia nakala za barua alizokuwa akiwaandikia makasisi, waliofungwa gerezani na waliotikisika, pamoja na maagizo ya kuwatunza maskini kwa fedha. Hizo ndizo zilikuwa ushahidi wake. Hakuna aliyeachwa bila mchungaji, ingawa mchungaji alikuwa mafichoni.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nimwamini. Tauni ilipoingia Karthago baada ya mateso hayo, na watu wakaanza kuwatupa nje ndugu zao wagonjwa kwa hofu ya kuambukizwa, Cyprian hakwenda popote. Alibaki akapanga huduma ya wagonjwa, akiwahimiza Wakristo wawahudumie hata wasio wa imani yao. Mwaka 257 alipelekwa uhamishoni katika mji wa Curubis. Mwaka 258, aliporudishwa na kupata habari kwamba askari wametumwa wamchukue hadi mji wa Utica ili akauawe huko, alijificha kwa mara nyingine, na safari hii aliandika sababu waziwazi: askofu anapaswa kumkiri Bwana katika mji ambao amewekwa kuuongoza, mbele ya watu wake, si katika mji wa wengine. Liwali aliporejea Karthago, Cyprian alionekana nyumbani kwake, akakamatwa, na tarehe 14 Septemba 258 akakatwa kichwa. Mtu yule yule alijificha ili aishi kwa ajili ya watu wake, kisha akajificha ili aweze kufa kati yao. Mwenye kuhesabu nyayo tu atasema alikuwa kigeugeu. Lakini mara zote tatu alikuwa akijibu swali moja, nalo ni hili: watu niliokabidhiwa watabaki na nani?

Augustine aliliweka swali hilo katika maneno yaliyopangika zaidi. Mwaka 429 Wavandali walivuka kutoka Hispania wakaingia Afrika ya Kaskazini, wakiteketeza miji na makanisa, na askofu mmoja aliyeitwa Honoratus akamwandikia Augustine, aliyekuwa askofu wa Hippo, kuuliza kama ni halali kwa makasisi kukimbia. Jibu la Augustine ni refu, na linastahili kusomwa na kila mchungaji wa leo. Anasema kama anayewindwa ni mtu mmoja, na wapo wengine wa kuwahudumia waumini, huyo mmoja na aondoke, kama Paulo alivyoteremshwa katika kapu. Kama waumini wote wamehama, mchungaji naye hana sababu ya kubaki akilinda kuta. Lakini kama hatari ni ya wote, na wapo wasio na uwezo wa kuondoka, basi wale ambao huduma yao inahitajika wasiwakimbie wanaowahitaji. Anakumbusha jinsi watu wanavyofurika makanisani wakati wa hatari, huyu akiomba ubatizo, yule akiomba kupatanishwa na Mungu, wote wakitafuta faraja, na anauliza hali itakuwaje iwapo hawatamkuta mtu. Kisha anaongeza jambo ambalo halitajwi sana: ikiwa makasisi wanashindana nani abaki, na ni lazima wengine wapone ili Kanisa lisikose watumishi baadaye, wapige kura.

Wapige kura! Napenda busara iliyomo humo. Augustine anajua kwamba mtu aliyeachwa peke yake na hofu yake atapata sababu nzuri ya kukimbia, na mtu aliyeachwa peke yake na kiburi chake atapata sababu nzuri ya kujitoa mhanga. Ndiyo maana uamuzi anautoa mikononi mwa mtu binafsi na kuuweka mikononi mwa ushirika. Yeye mwenyewe hakuondoka Hippo, ambayo leo ni mji wa Annaba nchini Algeria. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, mji ukiwa umezingirwa kwa mwezi wa tatu.

Sasa turudi Uganda. Luwum alizaliwa 1922 Mucwini, katika nchi ya Waacholi, akaokoka 1948 kupitia Uamsho wa Afrika Mashariki, akawa kasisi, kisha askofu wa Uganda ya Kaskazini mwaka 1969, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa jimbo lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, iliyo katika Kongo ya leo. Waacholi na Walango ndio waliokuwa wakiuawa kwa wingi jeshini tangu Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, kwa hiyo sababu za kuondoka alikuwa nazo kwa miaka kadhaa kabla hajaitwa Nile Mansions. Wapo waliomlaumu kwa kuonekana katika hafla za serikali, naye alijieleza kwamba kadiri nafasi ipo atahubiri Injili, na kila anapopata upenyo humweleza rais mambo ambayo Kanisa halikubaliani nayo. Familia za waliotekwa zilimwendea yeye ili awaulizie ndugu zao. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba yake Namirembe wakitafuta silaha, wakamwelekezea bunduki, na siku chache baadaye yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua kulalamikia upekuzi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Kwa lugha ya Augustine, hatari ilikuwa ya wote, na huduma aliyokuwa nayo, ya kuingia ofisini kwa rais na kuuliza mtu fulani yuko wapi, haikuwa na mtu mwingine wa kuishika kwa uzito uleule. Angeondoka, familia zile zingeenda kwa nani?

Kwa Kivengere mizani iliegemea upande wa pili. Baada ya kifo cha Luwum ilieleweka kwamba naye anatafutwa, na waliomsihi aondoke ni Wakristo wake mwenyewe, kwa hoja kwamba askofu mmoja aliyeuawa anatosha. Hapo pana kiini cha tofauti kati ya mtoro na aliyetumwa, kwa maana kundi ndilo lililompa ruhusa. Na huko alikokwenda hakustarehe. Aliizungumzia Uganda kila alikopata masikio, akahangaikia wakimbizi wa nchi yake, hasa vijana waliokatizwa masomo, na katika mwaka huo huo wa 1977 akachapisha kitabu kilichotangaza kwamba anampenda Idi Amin, yaani amemsamehe, jambo ambalo wakimbizi wengi waliona ni gumu kulimeza. Watanzania wanaweza kukumbuka kwamba mtu huyu alikuwa amewahi kufundisha Dodoma miaka mingi kabla ya hapo, enzi za Tanganyika.

Nimekaa sana juu ya maaskofu kwa sababu habari zao zimeandikwa, lakini swali lao linatugusa zaidi sisi tusio na vyeo. Katika miji yetu utoro mkubwa si wa makasisi. Ni wa akina baba. Mtoto anazaliwa na ulemavu, au mama anapata ugonjwa wa muda mrefu, au duka linafilisika na wadai wanaanza kubisha hodi alfajiri, na baba anasafiri kutafuta maisha, kisha simu inaacha kupokewa. Ofisi za ustawi wa jamii zina jina la jambo hili, kutelekeza familia. Makanisa yetu hukemea pombe na uzinzi kwa sauti kubwa, lakini juu ya utoro huu hunyamaza, labda kwa sababu aliyekimbia hayupo kanisani kusikia. Huyu ndiye mtu wa mshahara wa Injili ya Yohana. Yeye alikuwa na mtu aliyemtegemea, hakumwachia mwingine, na hakumwomba mtu ruhusa.

Pembeni yake nawaweka akina mama wanaokwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani, wakiwaacha watoto kwa bibi. Majirani huwasema kwamba wamewakimbia watoto wao. Lakini mama ambaye kila mwezi anatuma fedha za ada na unga, anayepiga simu kuuliza kama dawa zimenyweka, anafanya kile alichofanya Cyprian kutoka mafichoni kwake, ilhali katika mtaa huo huo yuko baba anayelala nyumbani kila usiku na hajui watoto wake wako darasa la ngapi. Katika hao wawili, mimi siyumbi kusema ni nani amevumilia.

Kipimo hiki pia kinatutoa katika dhambi moja ambayo wachungaji wetu wameizoea, nayo ni kumrudisha mwanamke anayepigwa kwa neno moja la vumilia. Nani anahudumiwa na kubaki kwake? Watoto wanajifunza kipigo, mume anazidi kuharibika, na siku moja jumuiya inakusanyika kwa ajili ya msiba. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, ilikwisha kusema kwamba mtu hana haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, na inashangaza kwamba Bunge liliona miaka zaidi ya 50 iliyopita jambo ambalo baadhi ya mimbari hazijaliona hadi leo. Agano la ndoa lilikwisha kuachwa na yule aliyeinua mkono. Mke anayebeba watoto usiku na kwenda kwao yuko karibu zaidi na Yusufu aliyekwenda Misri kuliko na Yona aliyetaka kukimbilia Tarshishi.

Katika pwani ya Kenya tumeona uvumilivu ulioharibika hadi mwisho wake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wafuasi wa kundi lililofundishwa kufunga chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mateso pale hayakuwa ya kumtetea mtu yeyote, na watoto, ambao ndio wangelindwa kwanza, walikuwa miongoni mwa waliokufa. Imani inayodai watu wateseke bila kumsaidia jirani haina ukoo na Luwum, hata ikitumia maneno yake.

Upande wa pili wa soko yuko mhubiri wa miujiza, ambaye kwake dhiki yoyote ni laana ya kukatwa usiku huu, kwa sadaka maalumu na mafuta ya upako. Watu humcheka, lakini mimi naona kwamba anajibu uchovu wa kweli. Mama aliyemuuguza mume aliyepooza kwa miaka, bila msaidizi, hatafuti utajiri anapopanda daladala kwenda kwenye mkesha wa mbali. Anatafuta usiku mmoja ambao mtu mwingine atasema mzigo huu unaweza kushuka. Kanisa lake la nyumbani limemwambia avumilie, na halijamtumia mtu wa kukaa na mgonjwa hata Jumapili moja ili naye aje ibadani.

Hapa ndipo ushauri wa Augustine wa kupiga kura unapotubana kuliko tunavyopenda. Kura haipigwi na mtu mmoja. Inahitaji wenzako waliokaa pamoja nawe, wanaoijua hatari kama unavyoijua wewe, na walio tayari kwamba jina litakalotoka huenda likawa lao. Walokole, yaani watu wa ule Uamsho uliomlea Luwum, walikuwa na ushirika wa namna hiyo, wakikutana kila mara na kuungamiana makosa na hofu zao, kwa hiyo alipobaki Kampala hakubaki akiwa shujaa wa peke yake. Jumuiya zetu ndogo ndogo na vikundi vyetu vya maombi vinakutana kila wiki, vina daftari la mahudhurio na daftari la michango ya harusi. Kama vinataka kuwa na mamlaka ya kumwambia mtu abaki na mgonjwa wake, deni lake au mtoto wake mwenye ulemavu, basi viwe pia na daftari la zamu, lenye majina ya watakaolala huko Jumatatu, watakaopeleka uji Jumanne, na watakaokwenda kuzungumza na mdai Jumatano.